Damu ya Kuazima

Wiki iliyopita tulimwacha Bi Mapazia ameshika ukingo wa meza ya daktari kwa mikono miwili, na mumewe, Fundi, anacheka. Wengi mmeniuliza: mwanamume kaambiwa hana mbegu hata moja, sasa anacheka nini? Subirini kidogo. Hata mkewe alijiuliza swali hilohilo, na jibu alilopata halikumchekesha.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimwacha Fundi acheke hadi achoke. Amewaona wa kila aina: kuna wanaolia, kuna wanaogeuka mbogo, na kuna hawa wa kucheka. Kisha akaanza kueleza upya, safari hii taratibu zaidi.

Kila chembe ya mwili wa mtu, alisema, imebeba maelekezo ya namna mtu huyo atakavyoumbwa, na maelekezo hayo yamefungwa katika vifurushi vinavyoitwa kromosomu. Mwanamke ana kromosomu mbili za X. Mwanamume ana X moja na Y moja. Katika damu iliyopimwa, kila chembe iliyokaguliwa ilikuwa na X mbili, na Y yake pale pale. Kifurushi kimoja kimezidi.

"Si laana, na si ugonjwa wa kuambukizana," alisema daktari. "Hakuna aliyekosea. Ni ajali tu, ilitokea mimba ilipokuwa inatungwa. Mtu wa namna hii ni mwanamume kamili, anaoa na anaishi kama wenzake. Ila sehemu inayotengeneza mbegu imezimika, mara nyingi tangu ujanani. Wapo wachache ambao tukiwafanyia upasuaji mdogo tunazipata mbegu mbili tatu zimejificha. Lakini kumpa mwanamke mimba hivi hivi nyumbani, mimi tangu nianze kazi hii sijamwona."

Bi Mapazia alifurahi. Msimlaumu. Tangu aingie katika ukoo ule, mama mkwe wake amekuwa akimwita chumba kisichopangishwa, tena mbele ya wateja wa duka la Fundi la masofa. Yeye ndiye aliyenyweshwa kila kitu kichungu kilichowahi kuchemshwa. Leo mtu mwenye koti jeupe anasema ubovu hauko kwake. Alifurahi hadi akajionea aibu, kwa sababu aliyekaa kando yake ni mumewe, na anampenda.

Daktari aliongeza jambo moja. Watu wenye hali hii, alisema, mara nyingi huwa warefu, wenye miguu mirefu na ndevu za kuhesabu. Hapo akasita, akavaa miwani, akamtazama Fundi vizuri. Fundi ni mfupi, mpana wa mabega, na ndevu zake ukipotezea sindano humo usiitafute tena.

Akamuuliza kama siku ile ya vipimo alikuja yeye mwenyewe, kwa kuwa mwenzake aliyempokea sasa yuko likizo. Fundi akasema kwani angekuja nani. Daktari akasema angependa arudie vipimo, lakini Fundi alikuwa ameshasimama na mkono uko kwenye kitasa.

Walipofika uani mwa hospitali, penye bomba la kunawia, Bi Mapazia alimshika mumewe mkono. Alikuwa ameshapanga maneno yake. Alimwambia hatamwacha, wapate mtoto wasipate. Anaomba kitu kimoja tu. Alasiri ile mama mkwe ameita kikao cha kuamua kama atarudishwa kwao, na mjomba wake aliyemlea yuko njiani anakuja kusikiliza. Fundi asimame mbele yao, aseme alichosema daktari. Basi.

Fundi akaanza kucheka tena.

"Mashine zao mbovu," alisema. "Wamepima mtu mwenye watoto watatu, wakamkuta hana kitu. Hii nayo ni hospitali?"

"Mtu gani mwenye watoto watatu?"

Kicheko kikakatika. Lakini neno likishatoka limetoka, na Fundi hakuwa mtu wa kutunga uongo wa haraka. Akasema. Siku ile ya vipimo hakuja yeye. Alimpa kadi yake mdogo wake, yule mpaka rangi wanayemwita Ngongoti kwa urefu wake, akamwambia nenda ukatoe damu na hicho kingine kwa jina langu. Ngongoti akaenda. Kaka yake hajawahi kumwomba kitu akakataa.

Bi Mapazia alimtazama mumewe kama mteja anayetazama sofa lililopasuka chini ya kitambaa kizuri.

"Uliogopa majibu yako," alisema. "Ukamtafuta mtu ambaye watoto wake wanaonekana, ili karatasi itoke safi, na uchafu wote ubaki kwangu."

Fundi akasema alitaka tu mama atulie. Akasema punguza sauti, watu wanatuangalia. Hakusema si kweli.

Bi Mapazia alilia pale bombani, na hakujificha. Msomaji wangu, kuna maumivu ya kutukanwa na mtu asiyekupenda, hayo yanazoeleka. Haya mengine ya kusukumwa shimoni na mtu mnayelala mto mmoja, mimi sijui yanazoeleka vipi.

Alipokuwa ananawa uso, mkono ukabaki hewani. Aliona kitu ambacho Fundi, na akili zake zote za kupima mbao, alikuwa hajakiona.

Ngongoti hupaka dari za watu bila ngazi. Ngongoti ana kidevu kama cha mwanafunzi, na mafundi wenzake humtania kwamba wembe wake utarithiwa ukiwa mpya. Miguu mirefu, ndevu za kuhesabu.

"Na kama mashine si mbovu?" aliuliza polepole.

Mwanzoni Fundi hakuelewa. Kisha akaelewa. Bi Mapazia aliona uso wa mumewe unavyobadilika, tabasamu la mwisho likifa kwenye ndevu. Watoto watatu wa mdogo wake, ambao Fundi mwenyewe ndiye aliyewachongea vitanda.

"Nyamaza," alisema Fundi. "Neno hilo lisitoke kinywani mwako. Leo wala kesho."

Wakarudi nyumbani, Fundi hatua kumi mbele.

Kikao kiliwekwa dukani kwa Fundi, kwa sababu ndiko kwenye viti. Ni chumba kikubwa upande wa barabarani, mbele masofa yanayosubiri wenyewe, nyuma cherehani ya Bi Mapazia na marobota yake ya mapazia, na mlango unaoingia nyumbani. Masofa yalikuwa bado yamevikwa nailoni. Kila mtu akijisogeza, nailoni inalia, kwa hiyo hakuna aliyeweza hata kukosa raha kimya kimya.

Mama mkwe alikaa katikati, pochi mapajani. Mjomba wa Bi Mapazia, fundi saa, mtu wa maneno machache, alikaa ukingoni kama mgeni anayeogopa kuchafua. Ngongoti alikunja miguu yake mirefu kwenye kigoda. Kando yake alikaa mkewe, ambaye mama mkwe amempachika jina la Mama Watatu, si kwa mapenzi, ila ili kila akiitwa, yule asiye na mtoto aumie. Maskini mwenyewe hakulipenda. Siku mama mkwe akimwaga maneno, Mama Watatu ndiye anayekuja nyuma ya cherehani, anakaa tu na Bi Mapazia, anamshikia kitambaa.

Na mwenyekiti, kama kawaida, alikuwa Baba Mdogo.

Huyu ni mdogo wa marehemu baba mkwe. Amefiwa na mkewe, shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata, sauti ya chini, ya kubembeleza. Mtaa mzima ndoa zikitikisika anaitwa yeye. Nyumba yake iko nje ya mji, kubwa, yenye ukuta, anaishi peke yake. Bi Mapazia alikuwa akimheshimu. Katika ukoo wote ule, ndiye mkubwa pekee ambaye hajawahi kumtolea neno baya.

Mama mkwe hakupoteza muda. Akataka kujua hospitali imesemaje.

Bi Mapazia alimtazama mumewe. Hata baada ya yote ya pale bombani, bado kulikuwa na sehemu ndogo moyoni mwake iliyotegemea kwamba angekaa kimya tu. Kimya kingemtosha.

Fundi alisimama. "Majibu yametoka," alisema, macho sakafuni. "Mimi niko sawa."

Ngongoti akapiga goti lake kwa furaha, akamkonyeza kaka yake. Alisema alijua tu, yeye hakuwa na wasiwasi hata siku moja. Alicheka kicheko cha mtu ambaye amemfanyia nduguye fadhila na fadhila imezaa matunda. Mkewe hakucheka. Bi Mapazia alimwona Mama Watatu ameshika ncha ya mtandio wake kwa vidole vyote, anaisokota.

"Basi mmesikia," alisema mama mkwe. "Wangu mzima. Sasa na huyo mwingine ajieleze. Mtu hawezi kukaa na friji lisilogandisha ati kwa sababu lina rangi nzuri."

Mjomba akajikohoza. Akamuuliza mpwa wake, kwa upole, kama ana la kusema.

Alikuwa nalo. Lilikuwa limefika kwenye meno. Sentensi moja, na mama mkwe angeshikwa na ububu wa mwaka mzima. Lakini sentensi ile haimpigi mama mkwe tu. Inapita, inampiga Mama Watatu, inatoka nje ya mlango na kuwakuta watoto wanaoruka juu ya magodoro mabovu barabarani. Bi Mapazia akafumba mdomo. Akafungua tena. Akafumba.

Baba Mdogo akainua mkono.

Akasema tusiwe wepesi wa kurudisha watu. Kijana amethibitika mzima, na jambo hilo ni la kushukuru. Kwa upande wa binti, pengine ni uchovu tu. Misumeno hii, vumbi hili, maneno haya ya kila siku, tumbo gani litashika? Aende kwake yeye Baba Mdogo, kule kwenye utulivu, apumzike kwa muda. Hata mwenzake huyu, akasema akimwelekeza kidole Mama Watatu, mwanzoni alisumbuka hivyo hivyo, akaja akapumzika, na matunda si mnayaona.

Nailoni zikalia, watu wakilegea. Mjomba alishukuru mara mbili. Fundi alikubali upesi, kama mtu aliyetupiwa kamba. Na Bi Mapazia, wasomaji wangu, alitaka kupiga magoti kwa shukrani. Hatarudishwa, na hatalazimika kumvunjia mtu nyumba. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema ahsante.

Mama Watatu akasimama ghafla. Akasema maji ya chai yanachemka. Akasema anaomba dada amsaidie.

Jikoni hakukuwa na maji yaliyochemka. Jiko lenyewe lilikuwa baridi. Mama Watatu aliufunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Dada, usiende kule."

Bi Mapazia akauliza kule wapi. Mwenzake akatikisa kichwa, kwamba hakuna muda wa kuzunguka. Akauliza swali lake kwa kunong'ona.

"Ile damu ilikuwa ya mume wangu. Najua. Alirudi na plasta mkononi anacheka, ananiambia nimemwokoa kaka. Tangu siku hiyo sijui usingizi. Daktari amesema nini?"

  Mama Watatu alisoma usoni mwa Bi Mapazia kila kitu, akaketi juu ya ndoo.

Ndipo akasimulia, haraka haraka, akiangalia mlango. Ngongoti alipokuwa anabalehe kifua chake kilivimba, sauti ikachelewa kuvunjika, mama yake akampeleka hospitali ya mbali kwa siri. Huko akaambiwa mwanawe huyu hatazaa. Hakumwambia mtu, hata mwenyewe. Alimwozesha kimya. Mwaka wa kwanza wa ndoa ulipopita bila kitu, alimwita mkwewe chumbani, akamwambia ukweli, akamwapisha kwamba Ngongoti asijue kamwe, atajiua. Akamwambia nenda kapumzike kwa Baba Mdogo.

"Mimi nilijua ni kupumzika," alisema Mama Watatu. "Nilibeba hata vitambaa vya kufuma. Usiku mlango ukafungwa kwa nje."

Bi Mapazia alichutama mbele ya ndoo, akamshika mkono.

"Niliporudi nilimwambia mama. Nililia mbele yake. Unajua alinijibu nini? Kwamba damu haijatoka nje ya ukoo, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Kisha akanipeleka tena. Mara tatu, dada. Ndiyo maana ya jina langu."

Sasa elewa, msomaji, kwa nini watoto wale wana macho ya babu yao, na kwa nini hakuna jirani aliyewahi kushuku. Na kwa nini Baba Mdogo hajawahi kumtolea Bi Mapazia neno baya. Mtu hamtukani aliye katika foleni yake.

Bi Mapazia alimkumbatia.  Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua, si kwa ajili yake tu. Mama Watatu alimshika mabega, akamwomba mambo mawili. La kwanza, asikanyage nyumba ile. La pili, alichosema daktari kibaki kwa daktari.

"Anawapenda," alisema. "Ukimwona anavyomkatia kucha yule mdogo, utadhani anachonga dhahabu. Akijua, atawatazama kwa jicho jingine. Hata akijikaza, jicho litakuwa jingine."

Maombi mawili, na kila moja linalifungia jingine mlango. Atakataaje kwenda bila kusema sababu? Na sababu ataisemaje bila kuwazika watoto?

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe alisimama kizingitini, akatazama jiko, akatazama nyuso zao, akaelewa kilichokuwa kinapikwa mle. Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

"Begi lako nimeshalitoa nje," alimwambia Bi Mapazia. "Baba Mdogo yuko na gari. Mwenzako hakuniuliza maswali, na leo ana heshima yake. Nawe usiniulize."

Akageuka, akatangulia.

Dukani watu walikuwa wameanza kuagana, kama kikao kilichokwisha. Baba Mdogo ameshika ufunguo wa gari. Alimtabasamia Bi Mapazia, akamuuliza kama yuko tayari, mwanangu. Bi Mapazia alirudi nyuma hatua moja. Alimtafuta mumewe kwa macho. Fundi alikuwa ameinama, anafuta kwa kidole vumbi lisilokuwepo kwenye mkono wa sofa.

"Siendi," alisema Bi Mapazia.

Mama mkwe akasema basi arudi kwao, begi si liko nje, njia ni mbili tu. Mjomba alishtuka. Alimwomba mpwa wake afikiri, hii ni fadhila, watu wangapi hupewa. Kwa nini anakataa?

Hapo ndipo Bi Mapazia alipouona upenyo. Ulikuwa mwembamba, lakini mtu angeweza kupita kwa ubavu. Ukweli una vipande. Angetoa kimoja tu, kile kinachomgusa Fundi, na vingine angevikalia.

"Kwa sababu hakuna mtu humu anayejua mbovu ni nani," alisema. "Mume wangu hakupimwa. Sindano haikumgusa. Majibu aliyoleta si yake."

Nailoni zikalia kila upande.

Mama mkwe akataka kujua ni ya nani. Bi Mapazia akasema yeye hasemi ni ya nani. Anasema si ya Fundi. Kama wanataka haki, kesho aende Fundi mwenyewe na mjomba akiwepo, na yeye Bi Mapazia apimwe siku hiyo hiyo, kisha ndipo waitishe kikao. Kabla ya hapo hakuna wa kurudishwa wala wa kupumzishwa.

Mjomba aliinuka kutoka ukingoni mwa sofa, na kwa mara ya kwanza alikaa katikati. Alisema kwa sauti yake ndogo kwamba yeye hawezi kumpokea binti aliyehukumiwa kwa damu ya mtu mwingine. Akamuuliza Fundi kama ni kweli.

Fundi akarudi kwenye vumbi lake la sofa. Jasho lilimtoka hadi kwenye ndevu. Mama yake alimtazama, Baba Mdogo alimtazama, na ufunguo ukarudi mfukoni. Bi Mapazia alipumua. Aliamini amepita. Aibu imemwangukia anayestahili, na Mama Watatu, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni, hajaguswa.

Alisahau kitu kimoja. Alisahau kwamba Ngongoti anampenda kaka yake.

Ngongoti hakuweza kumwona Fundi amesulubiwa vile. Alikunjua miguu yake, akasimama, kichwa kikakaribia taa.

"Msimwandame kaka," alisema, na bado alikuwa anatabasamu. "Ni mimi niliyetoa. Yeye anaogopa sindano tangu utotoni, mama unajua. Nikasema kwani kuna tatizo gani? Baba mmoja, mama mmoja. Yangu ikiwa safi, na yake ni safi."

"Kaa chini, baba watoto," alisema mkewe.

"Kaa chini," alisema mama yake.

"Kaa chini, kijana," alisema Baba Mdogo.

Walisema wote kwa wakati mmoja, kwa sauti moja, ya woga uleule. Ngongoti alimtazama mkewe, ambaye alikuwa analia. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anatazama pembeni. Akamtazama baba yake mdogo, ambaye hajawahi katika maisha yake kumkatiza neno. Tabasamu likaondoka kidogo kidogo, kama mtu anayerudi nyuma.

Hakukaa.

Alimgeukia Bi Mapazia. Hakuna mtu mle ndani ambaye Ngongoti alimwamini zaidi yake. Kwa miaka yote waliyokaa ua mmoja, shemeji yake huyu alikuwa hajawahi kumdanganya hata kwa mzaha, na yeye alilijua hilo, na Bi Mapazia alijua kwamba analijua.

"Shemeji," alisema Ngongoti, "wewe ndiye uliyekaa na daktari. Damu yangu ina nini?"